Padri wa Láidir

Padri wetu hakuitambua taa nyekundu. Hapa Durban taa za barabarani huitwa roboti, na yeye alisema hakufikisha miaka themanini ili aje kuamrishwa na roboti. Akifika ukingo wa barabara, pale tunapokaa South Beach, alitazama kulia, akatazama kushoto, akafanya ishara ya msalaba, akaingia. Madereva wa teksi, zile daladala za huku, watu wasiosimama hata kwa polisi, walikanyaga breki. Siku moja nilimwuliza kama msalaba ule ni wa kujikinga.

"Hapana," alisema. "Ninawaombea wao. Wakinigonga mimi watakuwa na kesi mbaya sana kule juu mbinguni."

Sijui alizaliwa kijiji gani, wala baba yake alikuwa nani. Najua alitoka Ayalandi akiwa kijana, akapelekwa Kongo, akazeekea huko. Vita vilipowatawanya watu wa parokia yake, aliwafuata mpaka huku kusini, mchungaji aliyekubali kwamba safari hii kondoo ndio wanaojua njia. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu. Alisema "iko" pale ambapo vitabu vinasema "kuna", na Mtanzania aliyejaribu kumsahihisha aliambiwa aanze kwanza kuisahihisha bahari, maana nayo haijanyooka.

Shirika lake lilimpa chumba Westville, penye miti mingi na watu wanaokwenda hata kununua mkate kwa gari. Alilala kule, lakini kukaa alikaa kwetu. Kila asubuhi alipanda teksi akashuka mjini, akaingia kwenye saluni ya Mama Furaha, chini ya jengo letu la ghorofa, akaketi kiti cha tatu kutoka mlangoni kana kwamba amekuja kusukwa. Mimi nilikuwa na meza yangu pale mlangoni, nauza kava na chaja za simu. Zamani, nyumbani, nilikuwa mtangazaji wa habari, na mkono wangu haujazoea kukaa bila daftari. Ndiyo maana mengi ya haya ninayo kwa maandishi.

Kitu kimoja tu alikiogopa, na sote tulikijua. Shirika lake lina nyumba ya wazee huko Ayalandi. Padri akishindwa kujimudu, anaitwa arudi, apewe chumba, blanketi na muuguzi. Wenzake wote wa umri wake walikuwa wameshaitwa. Yeye alibaki, na kila barua iliyotoka kwa wakubwa wake aliifungua amesimama, kama mtu anayefungua mlango usiku.

"Si kwamba kule ni kubaya," aliniambia. "Ni kuzuri mno. Watu wote niliowajua kule wako makaburini, na muuguzi hataniita mwongo."

Mama Furaha alimwita mwongo kila siku, mara nyingine kabla ya saa nne.

Walianza kugombana juu ya chai. Padri alipika chai yake mwenyewe kwenye birika la saluni, akaiacha mpaka ikawa nyeusi tititi. Mama Furaha akachungulia.

"Padiri, hii si chai, hii ni oili ya gari."

"Hii ni chai láidir."

"Ladiri ni nini?"

Hapo ndipo neno lilipoingia mtaani kwetu, na halijatoka. Padri aliweka kikombe chini akatoa somo, wateja wawili wakiwa na vichwa nusu vimesukwa. Láidir, alisema, ni neno la kwao, maana yake ni mwenye nguvu. Linafaa kwa mtu, kwa ng'ombe, kwa kamba, kwa upepo na kwa chai. Zamani sana liliandikwa kwa t, láitir, na kadiri watu walivyolitafuna ile t ikalainika ikawa d. Kabla ya hapo lilitoka wapi? "Sijui. Na mtu akikuambia anajua, mwombe cheti."

Alilipenda neno lile kwa namna mtu anavyompenda mbuzi msumbufu. Alisema Waayalandi na Waswahili wana akili moja, maana wote wanaanza na mtu kwanza, sifa inafuata nyuma. Sisi tunasema mtu mgumu, wao wanasema fear láidir, mwanamume na nyuma yake nguvu. Mwingereza ndiye anayetanguliza sifa kabla hujajua anamsifu nani. Lakini sisi sifa tunaivika kofia: mgumu, wagumu, vigumu. Láidir halivai kofia. Wakiwa wanawake wengi, linakatwa tumboni na kuongezwa mkia: mná láidre. Ukitaka kusema huyu ana nguvu kuliko yule, láidre tena. Ukitaka kusema kitu ni cha mwanamke mwenye nguvu, láidre hiyo hiyo.

"Gauni moja, harusi tatu," alisema Mama Furaha.

"Hapo umeelewa kuliko maprofesa."

"Na imara yetu je?" niliuliza mimi. "Imara haibadiliki."

"Imara iliingia kutoka kwa Waarabu. Ni mgeni mwenye pasipoti nzuri. Anapita kila mlango na hakuna anayemvua viatu."

Baada ya mwezi mmoja ladiri ilikuwa imejitegemea. Gundi ya nywele za bandia ilikuwa ladiri. Pilipili ya Mama Furaha ilikuwa ladiri. Papa Kalonji, mlinzi wa kiwanda kimoja kule Jacobs, alikuja akitoka zamu na harufu ya kiwanda kwenye koti, akatangaza kwamba mafua yake ni ladiri. Padri alisikia haya yote akijifanya ameudhika. Lakini nilimwona akimfundisha Mzulu mmoja aliyekuja kunyolewa jinsi ya kulitamka, na yule akasema, "Eish, mkhulu, babu yangu, hili neno linauma ulimi," na Padri akacheka mpaka akavua miwani.

Kuhusu karata, nitaandika nilichokiona tu. Padri aliiba. Alicheza na Papa Kalonji kila Alhamisi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na karata zilipotea kwenye mkono wa joho lake. Kisha, kabla ya kuchanganya upya, dhamiri ilimpanda.

"Kalonji, nimeficha karata mbili. Unanisamehe?"

"Padiri, hapa nani anaungama kwa nani?"

"Mimi kwako. Leo sina zamu."

"Basi sali Salamu Maria kumi."

"Kumi ni nyingi. Zilikuwa karata mbili."

Walipatana tatu.

Alikuwa na misemo, na mingine ilikuwa ya kipumbavu. Alisema Mungu anasikia lugha zote ila kwa Kiswahili anacheka. Alisema mtu asiyegombana nawe bado hajahamia moyoni mwako, yuko hotelini. Alihubiri subira Jumapili, na Jumatatu alimpigia dereva wa teksi kelele kwa sababu alisubiri abiria mmoja. Aliapa kwamba hapeleki umbea, na ilikuwa kweli, maana umbea ulimjia wenyewe, ukaketi, ukanywa chai. Alidharau simu zangu zote, kisha kila Jumapili jioni alinivuta pembeni nimtafutie matokeo ya mchezo wao wa fimbo, akasimama nyuma yangu akipumua kwenye shingo yangu.

Na kulikuwa na ngazi. Kwenye ghorofa ya saba ya jengo letu aliishi bibi mmoja mgonjwa, asiyeshuka. Lifti ilikufa zamani. Kila Jumanne Padri alimpelekea komunyo, ngazi zote zile, na begi lake jeusi mkononi. Tulimsifu. Yeye akasema, "Láidir," akijipiga kifua, akaenda.

Jumanne moja nilikuwa nimepeleka chaja ghorofa ya sita. Nikamwona juu yangu, amesimama mbele ya mlango wa bibi, habishi hodi. Amekunja shingo anaitazama namba ya mlango. Aliitazama muda mrefu, namba ambayo alikuwa ameijua kwa miaka. Mabega yake yalipanda na kushuka. Pumzi iliporudi mahali pake, alinyoosha joho, akabisha kwa nguvu, akaingia akiimba. Sikumwambia mtu. Mtu ana haki ya kuisoma namba ya mlango.

Mwaka ule barua moja haikumwita. Ilisema kwamba mkubwa fulani wa shirika atakuja kutoka Ayalandi kukaa siku tatu, aone kwa macho yake kama Padri bado anajimudu. Akiridhika, Padri atabaki na hatasumbuliwa tena. Asiporidhika, atarudi naye kabla ya Pasaka. Padri aliisoma kwa sauti pale saluni, akaikunja mara nne.

"Siku tatu tu," alisema. "Hata Kalonji anaweza kuwa na afya siku tatu."

Hapo sisi tukafanya kosa letu, na ni kosa ambalo watu wa kwetu peke yao wangeweza kulifanya.

Kwetu mzee habebi mzigo. Mtoto akimwona mzee na begi, analichukua, hata kama hamjui. Mzee akisimama, kiti kinaletwa. Akipanda ngazi, mtu anamshika kiwiko. Haina uhusiano na udhaifu. Chifu mwenye misuli ya fahali habebi hata kofia yake. Siku za kawaida Padri alikuwa ametushinda kwa ubishi, tukamzoea akijibebea. Lakini mgeni anakuja! Mama Furaha aliita kikao.

"Sikilizeni, bamama. Huyu muzungu anakuja kuangalia kama tunamutunza Padiri. Akute anabeba begi lake, atasema sisi iko batu ya namna gani? Atamuchukua."

Kila mtu alikubali. Mimi pia nilikubali. Niliandika majina ya zamu.

Mgeni alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye viatu vya kukimbilia. Alishuka kwenye gari na mkoba wake, na Mama Furaha akaruka kuupokea. Kumbe kule Westville alikuwa ameonywa juu ya wezi wa mjini. Akaukumbatia. Mama Furaha akavuta kwa heshima. Mgeni akavuta kwa hofu. Walizunguka mara mbili pale kando ya barabara.

"Mwache!" Padri alipiga kelele. "Ni wake!"

"Anaona haya," Mama Furaha alituambia huku akihema. "Atazoea."

Mkoba ukabaki kwa Mgeni. Padri hakuwa na bahati hiyo. Mmoja alishachukua begi lake, mwingine kitabu, mwingine kofia. Ilikuwa Jumanne, siku ya bibi wa ghorofa ya saba, naye alikuwa amepanga kumwonyesha Mgeni jinsi anavyopanda. Alipofika ngazi ya kwanza, vijana wawili wa kwaya walimshika viwiko. Kwenye kila ghorofa tulikuwa tumeweka kiti, na mama mmoja mwenye glasi ya maji.

"Niacheni, nitapanda mwenyewe!"

"Kaa kidogo, Padiri."

"Sijachoka!"

"Ni unyenyekevu wake," mama wa ghorofa ya tatu alimweleza Mgeni kwa Kiswahili, akimkalisha Padri kwa mabega.

Viti saba. Mgeni alipanda nyuma yao bila kuhema, akiandika kwenye kijitabu.

Jioni Padri alijaribu kuokoa walau sifa ya akili yake, kwa kuwa ya miguu ilikuwa imeshatoweka. Alimketisha Mgeni saluni akaanza kumweleza láidir yote, kwa Kiayalandi chenyewe, kutoka ile t ya kale mpaka mná láidre, haraka, macho yakimwaka. Hakukosea popote, nina hakika, ingawa sikuelewa kitu. Lakini Mgeni, mtu wa mjini, lugha ile aliiacha shuleni. Alitabasamu, akatikisa kichwa, akawa mwekundu masikioni. Nilikuwa nimekaa karibu na nilikiona kijitabu. Aliandika kwa Kiingereza kwamba mzee alizungumza kwa muda mrefu bila kueleweka.

Siku ya pili alitaka kuhoji watu. Kwa kuwa Padri hawezi kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe, niliitwa mimi. Hapa ndipo ninapotaka kuandika taratibu.

Mgeni aliuliza, je, Padri anaweza kupanda ngazi peke yake?

Mama Furaha alishika kifua. "Peke yake? Apande peke yake na sisi tuko wazima? Hata siku moja!"

Nilitafsiri: hata siku moja.

Anajipikia?

"Kujipikia! Tungeona haya mbele ya Mungu."

Nilitafsiri.

Anakumbuka mambo?

"Akumbuke nini, na sisi tuko hapa kumukumbusha kila kitu?"

Nilitafsiri. Kisha Papa Kalonji, aliyevaa suti kwa ajili ya siku ile, alisimama akasema maneno aliyoyaandaa usiku kucha kwenye zamu yake: "Mwambie huyu mkubwa, Padiri hana wasiwasi. Sisi ndio miguu yake, sisi ndio mikono yake." Alikaa huku machozi yakimlenga.

Nilitafsiri na hayo. Katika kazi yangu ya zamani tulikuwa na sheria moja: maneno ya mtu usiyaongeze chumvi. Sikuongeza. Ningeweza kusema, bwana, hii ni heshima tu, mwenyewe anapanda kila Jumanne. Sentensi moja. Lakini nilikuwa pia nimeiona ile namba ya mlango, nikasita, na nilipokuwa nasita Mgeni akafunga kijitabu, akatushukuru sote kwa upendo wetu mkubwa.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Padri atarudi kwao kabla ya Pasaka.

Niliwaambia wenzangu ukweli pale saluni, maana hakuna aliyeelewa imekuwaje. Mikono ya Mama Furaha ilibaki hewani na kitana.

"Unasema ni kile kiti?"

"Viti vyote saba, Mama."

"Kumbe tumemufukuza kwa heshima." Kisha akanigeukia. "Na wewe! Mutafsiri! Kila siku hapa mlangoni mdomo wako unatukatiza maneno kama breki, siku hiyo breki ilikwenda wapi?"

Mgeni alibaki Westville kumngoja. Padri aliandika barua ya kuomba abaki, akajibiwa yale yale kwa maneno ya upole zaidi. Hakutulaumu. Alimwambia Papa Kalonji hotuba yake ilikuwa nzuri kuliko mahubiri yake yote, jambo lililomfanya Kalonji alie upya na kupoteza karata bila kuibiwa.

Mara ya mwisho nilimwona uwanja wa ndege. Tulikodi teksi nzima, watu kumi na wanne, tukaifuata gari ya Westville. Njiani Mama Furaha alitoa amri: safari hii hakuna kugusa. Mgeni yuko pale, anatazama. Padri aende kwa miguu yake, na Mgeni aone alichokikosea.

Gari ikasimama. Padri alishuka, akavuta begi lake mwenyewe kutoka nyuma. Hakuna aliyesogea. Mfanyakazi wa uwanja alileta kiti cha magurudumu, Padri akakipita kama alivyokuwa akizipita roboti. Umbali mpaka mlango wa kioo ulikuwa kama uwanja wa mpira. Alitembea. Watu wengine, Waafrika wenzetu, walitutazama kwa chuki, kundi zima la watu wenye nguvu wakimwangalia mzee akivuta mzigo. Mama mmoja wa Kizulu alitutukana wazi. Mama Furaha alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, amefinya, akilia bila sauti. Vijana wa kwaya waliangalia viatu vyao.

Padri alifika mlangoni. Alisimama akiwa ametugeuzia mgongo, na nilijua anafanya nini, ingawa pale hapakuwa na namba ya kusoma. Mgeni alimtazama, akatutazama sisi, akarudi kumtazama. Sijui alielewa kiasi gani. Sikuona akiandika.

Kisha Padri aligeuka. Aliliweka begi chini, taratibu, akalitazama, akatutazama sisi kumi na wanne tuliopangwa kule mbali kama askari.

"Sasa mnangoja nini?" alipaza sauti. "Mzee abebe mwenyewe? Ninyi ni batu ya namna gani?"

Tulikimbia. Lilikuwa begi dogo, na ndani sidhani kama mlikuwa na zaidi ya mashati na kitabu. Tulilibeba watu watano, na mimi nilipata kona.